Mpira Alasiri, Ngumi Magharibi

Katika mtaa wetu, ulio hatua chache tu kutoka Barabara ya Jogoo, alikuwapo mtu mmoja aliyekuwa na filimbi moja na ufunguo mmoja, vyote viwili vimefungwa katika uzi mweusi uliomning'inia shingoni usiku na mchana. Na kwa filimbi ile alituamuru uwanjani tangu alasiri, na kwa ufunguo ule alitufungulia ukumbi mara jua lilipozama, hata wazazi wetu, walipotaka kujua wakati pasi na kutazama saa, walitega sikio tu: maadamu filimbi ingali inalia, mchana ungalipo. Ikinyamaza, na ukafuata mshindo wa ngumi juu ya gunia lililoshindiliwa vitambaa na maranda ya mbao, basi Magharibi imekwisha kuingia.

Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwa na hati ya ualimu wala hakupata kusimama mbele ya ubao. Mchana alikuwa fundi wa karakana, na katika ujana wake alikuwa amecheza mpira upande wa kushoto na kupigana ndondi katika uzito mwepesi, bila ya kupata sifa kubwa katika mojawapo. Lakini alikuwa na kanuni moja ambayo hakuilegeza kwa mtoto wa yeyote, awe wa diwani au wa muuza makaa: aliyetaka kucheza katika timu yake ya mpira sharti avae glavu jioni mbili katika kila juma, na aliyetaka kuvaa glavu sharti aukimbilie mpira alasiri mbili katika kila juma. Wavivu walinung'unika. Baadhi ya akina mama walikuja kumshitakia kwamba anawafunza watoto wao ugomvi, naye aliwajibu kwa adabu, "Mama, huyu wako hajui kugombana, anajua kurusha mawe na kukimbia. Niachie nimfundishe kumtazama mtu machoni."

Umri umenipa fursa ya kuona mengi tangu siku zile, na kila nitazamapo mashindano ya leo, yaliyogawanyika kama soko ambalo muuza mboga hajui kinachouzwa katika safu ya wauza samaki, huirudia kanuni ile na kuiona kuwa ilikuwa na hekima kuliko tulivyodhani. Dai langu katika makala haya ni hili: kwamba katika mitaa ya Eastlands, hapa Nairobi, kandanda na masumbwi ni ndugu wa tumbo moja, waliolelewa baina ya uwanja na ukumbi vilivyotazamana, kwamba kuwatenganisha ndugu hao kumetupunguzia wachezaji, na zaidi ya wachezaji, kumetupunguzia watu, na kwamba wakati huu ambapo mitaa yetu ya zamani inachorwa upya ndio wakati wa kuwakutanisha tena, kwa sababu nyumba ikiisha kujengwa hakuna aibomoaye kwa ajili ya filimbi.

Tuanze na tabia ya michezo yenyewe. Mchezo wa mpira ni wa jamaa. Raha yake ni ya watu kumi na mmoja, na msiba wake vilevile ni wa watu kumi na mmoja, na humo ndimo ilimojificha fadhila yake na ila yake kwa pamoja. Fadhila yake ni kwamba humfunza kijana kumwamini mwenziwe kiasi cha kuuachia mpira alioutolea jasho, ampe mwingine aliye mahali bora, naye asimame kando ashangilie bao ambalo halitaandikwa kwa jina lake. Ila yake ni kwamba lawama ya kushindwa mpirani ina milango kumi na mmoja ya kubisha, na ya kumi na mbili ni ya refa, na ya kumi na tatu ni ya kocha, hata mtu aweza kucheza miaka kumi bila ya lawama hiyo kupata kulala nyumbani kwake usiku mmoja. Ndondi sivyo. Ulingoni lawama ina mlango mmoja tu, na mwenye mlango hana pa kujificha, kwa kuwa kamba zimemzunguka pande nne na taa ziko juu ya kichwa chake. Konde lililomfikia limemfikia kwa sababu mkono wake ulishuka, na mkono ulishuka kwa sababu jana alikwepa mazoezi, na jambo hilo analijua yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini ndondi nayo ina ila yake: huweza kumkuza mtu mpweke na mwenye ghururi, anayedhani kwamba dunia nzima imejaa wapinzani na kwamba rafiki ni yule tu anayemshikia taulo.

Ndiyo maana Mwalimu hakuridhika na mmoja bila ya mwingine. Alitaka mcheza mpira apate kuonja japo mara mbili kwa juma namna mtu anavyosimama peke yake na kosa lake, na alitaka bondia apate kuonja namna ushindi unavyokuwa mtamu unapogawanywa. Na juu ya maadili kulikuwa na ufundi, ambao nao uliafikiana zaidi ya walivyofahamu wale wanaodhani kwamba mchezo wa miguu hauna habari na mchezo wa mikono. Lugha yetu yenyewe ilikwisha kulitambua jambo hili zamani, kwa kuwa neno chenga halikuulizwa cheti cha kuzaliwa: humtumikia winga anayemwacha beki akiukumbatia upepo, na humtumikia bondia anayelipisha konde kando ya sikio lake kwa kuinamisha bega kidogo. Wote wawili hudanganya kwa mwili, na uwongo huo huanzia kiunoni na kumalizikia kwenye vidole vya miguu. Alipotuona tunasimama bapa kwenye nyayo, Mwalimu alituambia turuke kamba. Na tulipokwisha kuruka kamba majuma mawili alitupa mpira, tukashangaa kuona kwamba miguu imekwisha kupata akili ambayo hatukuifundisha.

Mtu aweza kuuliza kwa nini jambo hili lizungumzwe kuhusu Eastlands na si kwingineko. Jawabu limo katika ardhi yenyewe na namna ilivyogawanywa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani kuwa makao ya Waafrika waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika katika vijiji vya mji. Jirani yake, jina la Kariokor lingali linawakumbuka wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo, nalo ni neno la Kiingereza lililosagwa na ndimi zetu mpaka likawa letu. Kisha reli ikawajengea wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni, na katika miaka ya 1940 ikaja Kaloleni, na baada yake mitaa mingine ikaenea kuelekea mashariki. Ramani Kuu ya Nairobi ya mwaka 1948, ambayo iliuita mji huu makao makuu ya koloni bila ya kuona haya, ilishikilia fikira ya kuugawa mji katika vitongoji, kila kitongoji kiwe na shule yake na mahali pake pa wazi. Si kwamba wachoraji wale walitupenda. Vyumba walivyoturuzuku vilikuwa finyu, vingi vikikusudiwa mwanamume mmoja aliyetarajiwa kumwacha mkewe shamba, na kumbi na viwanja viliwekwa ili vijana wawe na shughuli mbali na siasa. Hayo yote ni kweli, na insafu hutulazimisha kuyasema. Walakini insafu hiyohiyo hutulazimisha kusema kwamba hata mtu asiyekutakia heri aliona kwamba binadamu hawezi kuishi kwa paa na choo peke yake.

Na tadbiri ya mkoloni haikumtii mkoloni. Ukumbi wa Kaloleni, ambao ulitarajiwa kuwa mahali pa dansi na mafunzo ya kushona, ndio ambamo tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na wenzao wa East African Indian National Congress, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alisimama na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, siku chache kabla ya kukamatwa na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Nimeitaja habari hii kwa sababu hufunua siri ya kumbi zetu: kwamba mahali panapokusanya watu kwa ajili ya jambo dogo hupata nguvu ya kuwakusanya kwa ajili ya jambo kubwa. Kijana aliyezoea kuona katika ukumbi ule watu wakipigana kwa sheria, wakipumzika kengele inapolia na kukumbatiana mwisho wa raundi, alikuwa amekwisha kupata darasa la kwanza la siasa kabla ya kusikia hotuba yoyote.

Katika udongo wa mitaa hii walikanyaga watu ambao majina yao hayahitaji utangulizi. Joe Kadenge, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki tarehe 7 Julai 2019, hakuwa mzaliwa wa Nairobi, bali alitoka Magharibi kama walivyotoka wengi wa majirani zetu. Lakini sifa yake iliivia hapa, katika uwanja ulio kando ya Barabara ya Jogoo, uliopata kuitwa African Stadium, kisha Jogoo Road Stadium, kisha City Stadium, na ambao siku hizi umepewa jina lake mwenyewe. Sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ilimfanya awe mchezaji wa nchi nzima, kwa kuwa watu wasiopata kumwona hata mara moja walimjua kwa masikio, na maneno "Kadenge na mpira" yaliingia katika mazungumzo ya kila siku hata yakawa kama methali. Mwaka 2002, alipokuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, alikabidhiwa timu ya taifa aifunze. Wazee waliomwona wakati wake husimulia kwamba mpira haukuwa ukimtii kwa nguvu bali kwa hila, na mimi nikiwasikiliza hudhani wananisimulia habari za bondia.

Na mabondia hawakukosekana. Steve Muchoki alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwaka 1974, na tena Edmonton mwaka 1978, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa huko Belgrade, katika uzito mdogo kuliko wote. Lakini medali ya Olimpiki haikupata kumfikia, kwa sababu Kenya ilisusia michezo ya Montreal mwaka 1976 na ya Moscow mwaka 1980, yaani ile miaka minane ambayo mikono yake ilikuwa katika ubora wake ililiwa na maamuzi ya watu ambao hawakupata kuvaa glavu. Alipogeuka kuwa bondia wa kulipwa alipambana na Santos Laciar wa Argentina mwaka 1982 akiutafuta ubingwa wa dunia, akashindwa. Mwaka 1984 huko Los Angeles Ibrahim Bilali aliturudishia shaba. Kisha mwaka 1988, mjini Seoul, Robert Wangila, kijana wa Nairobi aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili na kutwaa dhahabu ya Olimpiki, nayo ingali ndiyo dhahabu pekee ambayo Kenya imeipata bila ya kukimbia.

Ikiwa kuna mwaka mmoja ambao ndugu wawili hawa walitembea wameshikana mikono, ni mwaka 1987. Katika Agosti ya mwaka huo Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika Yote katika uwanja mpya wa Kasarani. Wangila, ambaye dunia haikumjua bado, alitwaa dhahabu yake ya bara. Na Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya mpira, wakifunzwa na Mjerumani Reinhard Fabisch, walifika fainali wakafungwa na Misri bao moja kwa bila, usiku ambao watu wazima walirudi Eastlands kwa miguu kimya kama watokao mazishini. Kabla ya mwaka kwisha, Gor Mahia walikwenda Tunis wakatoka sare mabao mawili kwa mawili na Espérance, wakarudi Kasarani wakatoka sare ya bao moja kwa moja, na kwa hesabu ya mabao ya ugenini wakalitwaa Kombe la Mandela, wakiwa klabu ya kwanza ya Kenya kulitwaa kombe la bara. Kocha wao alikuwa Mwingereza aitwaye Jack Johnson, na wazee wetu wa ukumbini walilifurahia jina hilo kuliko kombe lenyewe, kwa kuwa Jack Johnson mwingine, Mmarekani mweusi, ndiye aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, tangu mwaka 1908. Na mwaka huohuo, katika bonde la Mathare, ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana ya MYSA, ambayo iliweka sharti lililomfurahisha Mwalimu mno: timu iliyosafisha taka za mtaa ilipata alama katika msimamo wa ligi, kana kwamba imefunga bao. "Hawa wamefahamu," alisema. "Mchezo usiomdai mtu kitu nje ya mchezo ni upepo."

Nimetaja Mjerumani na Mwingereza, na bila shaka msomaji amekwisha kuuona mwelekeo wa maneno yangu, kwa kuwa Afrika Mashariki imekuwa na mapenzi ya muda mrefu na makocha wa kigeni, na miongoni mwao Waholanzi wana kiti chao. Yanga ya Dar es Salaam ilitwaa ubingwa wa Tanzania msimu wa 2012/13 chini ya Mholanzi Ernie Brandts, na baadaye ikautwaa mara mbili mfululizo chini ya Mholanzi mwingine, Hans van der Pluijm. Simtaji Brandts kwa kejeli. Namtaja kwa sababu katika Kombe la Dunia la mwaka 1978 huko Argentina, Uholanzi ilipokutana na Italia, beki huyu aliupeleka mpira katika lango lake mwenyewe mapema katika kipindi cha kwanza, na mara baada ya mapumziko akaupiga kwa mbali ukaingia katika lango la Waitalia, na timu yake ikashinda mabao mawili kwa moja na kuingia fainali. Huyo ni mtu aliyeangushwa na konde lake mwenyewe, akahesabiwa hadi nane, akainuka na kuendelea na raundi. Sijui darasa la kocha ambalo lingemfundisha jambo hilo. Najua ukumbi ambao ungemfundisha.

Na Waholanzi wenyewe, ambao taifa lao limepata dhahabu moja tu ya ndondi katika Olimpiki, aliyoitwaa Bep van Klaveren wa Rotterdam mjini Amsterdam mwaka 1928, walijipatia heshima ya dunia katika mpira kwa fikira ambayo ni jamaa wa karibu wa kanuni ya Mwalimu. Rinus Michels, akiwa na Ajax na kisha na timu ya taifa ya mwaka 1974, alikataa kwamba beki ni beki tu na mshambulizi ni mshambulizi tu. Alitaka kila mmoja ajue kazi ya mwenziwe ili apate kumwachia nafasi na kuichukua nafasi yake bila ya timu kutetereka. Dunia iliuita mchezo huo mpira wa jumla, ikashangaa. Katika mtaa wetu hakuna aliyekuwa na jina la kuupa, lakini kila juma kijana aliyekuwa mlinda lango siku ya Jumatatu alikuwa katika kona ya ulingo siku ya Jumanne, na mtu aliyempiga jana ndiye aliyempasia leo.

Sasa nizijibu hoja mbili za wanaonipinga, maana mwenye hoja asiyewasikiliza wapinzani wake ni kama bondia anayefanya mazoezi na kivuli chake peke yake. Hoja ya kwanza yasema kwamba zama hizi haziruhusu nusu ya moyo: mtoto atakaye kufika Ulaya sharti achague mapema na ashikilie jambo moja tangu miaka minane. Na mifano wanayo. Victor Wanyama, aliyelelewa Muthurwa katika nyumba ya mcheza mpira, kwa kuwa baba yake Noah aliichezea AFC Leopards, alifunga bao la kwanza la Celtic tarehe 7 Novemba 2012 katika usiku ambao Barcelona yenyewe ililala kwa mabao mawili kwa moja. Na kabla yake kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Sikanushi hata chembe. Lakini hesabu ya insafu haimtazami mmoja aliyefika. Huwatazama pia mia waliobaki, ambao kwa kuchaguliwa mapema waliachwa mapema, na ambao walipoambiwa wakiwa na miaka kumi na saba kwamba miguu yao haitoshi hawakuwa na chochote kingine mikononi mwao, kwa maana ya neno hilo iliyo wazi kabisa. Shule ya michezo inayomwandaa mmoja na kuwatupa mia si shule; ni bahati nasibu yenye jezi. Na zaidi ya hayo, sijaomba mtoto awe bingwa wa viwili. Naomba asiambiwe kwamba mlango wa pili si wake kabla hajachungulia ndani.

Hoja ya pili ni nzito, na naikaribia nimevua viatu. Yasema kwamba ndondi huua. Robert Wangila, yuleyule wa Seoul, alipanda ulingoni mjini Las Vegas tarehe 22 Julai 1994 kupambana na David Gonzales, pambano likasimamishwa katika raundi ya tisa, akazimia baada ya kurudi katika chumba cha kubadilishia nguo, na tarehe 24 akafariki kwa jeraha la ubongo, naye alikuwa na miaka ishirini na sita tu. Niliyasikia hayo redioni nikiwa nimesimama kibandani nikisubiri chai, na ile chai sikuinywa. Hakuna dhahabu inayolipa jambo hilo, wala sitaki msomaji adhani kwamba nalitia sukari. Lakini Mwalimu, ambaye alimpenda Wangila kama mwanawe, alikuwa na jibu ambalo lilikuwa katika matendo yake miaka mingi kabla ya msiba ule: hakumruhusu mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne kupigwa kichwani hata mara moja. Walio chini ya umri huo waliruka kamba, walipiga gunia, walipigana na kivuli, walijifunza kuinua mkono na kuhamisha mguu, na walipopambana walipambana kwa kugusana mabega. Ngumi za kweli zilikuwa za waliochagua wakiwa na akili ya kuchagua, na hao walitazamwa na mganga kabla ya kupanda. Jambo la hatari hupewa mlinzi. Kulifukuza ukumbini ni kulipeleka uchochoroni, ambako halina kengele, wala refa, wala raundi ya kupumzika.

Iko hoja ya tatu, ambayo siku zetu haikuwapo kwa sababu hatukuwa na akili ya kuiuliza: mabinti walikuwa wapi? Nakiri kwamba walikuwa dirishani wakitazama. Waliokuja baada yetu wamesahihisha kosa hilo. Katika Kariobangi shirika la Boxgirls limewafundisha wasichana ngumi kwa miaka mingi, na pamoja na ngumi namna ya kukataa. Elizabeth Andiego alikuwa bondia wa kwanza wa kike wa Kenya katika Olimpiki, huko London mwaka 2012, ambao ndio mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa kupigana katika michezo hiyo. Na Fatuma Zarika, aliyekulia Mathare, aliutwaa mkanda wa dunia wa WBC mwaka 2016 huko Michigan kwa kumshinda Alicia Ashley. Lau Mwalimu angekuwa hai, naamini angeukata ule uzi wake mweusi na kuongeza ufunguo wa pili.

Nafika mahali ambapo makala ya maoni sharti yaombe kitu, ama sivyo yawe kumbukumbu za mzee. Mitaa ya zamani ya Eastlands imezeeka. Mabomba yake yanavuja, mabati yake yamekula kutu, na shauri la kuibomoa na kuweka majumba marefu ya bei nafuu limekuwa likisikika kwa miaka, na mahali pengine limekwisha kuanza kuwa saruji. Siwapingi wajenzi. Aliyelala katika chumba kimoja cha watu saba hana ruhusa ya kupinga chumba cha pili. Lakini nimezitazama picha zinazobandikwa kwenye uzio wa kazi hizo, zenye miti ya kijani isiyoota popote na watoto wanaocheka, na nimetafuta ndani yake mahali ambapo watoto hao watacheka baada ya kuacha kupigwa picha. Nimeona maegesho ya magari. Nimeona maduka. Uwanja, pale ulipo, umebanwa baina ya kuta mbili kama tambara lililosahaulika, na ukumbi, pale ulipo, umepelekwa ghorofani, mbali na uwanja, ambako kijana mwenye viatu vya matope hatakaribishwa.

Ombi langu ni dogo na la kupimika. Katika kila mtaa utakaojengwa upya, uwanja na ukumbi vichorwe kwanza, kabla ya nyumba, na vichorwe vikitazamana, mlango kwa mlango, kiasi cha mtu mmoja mwenye filimbi moja na ufunguo mmoja kuweza kuvisimamia vyote viwili. Hati ya ardhi yake iandikwe kwa jina la umma na itangazwe, kwa kuwa viwanja vingi vya mitaa yetu havikufa kwa uzee. Viliamka asubuhi moja vimezungushiwa mabati. Na mtu huyo wa filimbi na ufunguo apewe mshahara wa mwezi, si posho ya siku ya mashindano. Tumezoea kumlipa mgeni kwa dola afundishe watu wazima ambao wamekwisha kuwa walivyo, na kumwachia jirani yetu kazi ya kuwafanya watu hao kuwa watu, kwa ujira wa chai na pongezi. Ingekuwa shamba, tungekuwa tunamlipa mvunaji na kumwomba mpanzi atoe sadaka.

Mwalimu alifariki miaka mingi iliyopita, na tulimzika kwa heshima tuliyoweza. Asubuhi ya kuuchukua mwili, mtu mmoja wa kamati ya mazishi, ambaye hakuwa wa mtaa wetu na alipenda mambo yapangike, alisimama mbele ya jeneza na karatasi mkononi, akatangaza kwamba wacheza mpira wasimame upande wa kulia na mabondia upande wa kushoto, ili wapokezane kubeba. Watu walianza kusogea. Wachache walikwenda kulia, wachache wakaenda kushoto. Sisi wengine, kundi kubwa la wanaume wenye mvi, tulibaki katikati tukitazamana, hatujui pa kwenda. Bwana yule akairudia amri yake kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hatukumsikia. Hakuna aliyejongea. Mwishowe akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni, nasi tukainama, tukamwinua.